Mwongozo kamili: Jinsi ya kupima kama mashine iliyobadilishwa kidogo bado inakiuka hataza

Mafundi na wenye karakana wa Nyanda za Juu Kusini wanakwama palepale kila mara. Fundi wa Mwanjelwa anachukua mashine ya kupukuchua mahindi yenye hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutengeneza na kuuza uvumbuzi wake), anabadilisha meno ya dramu, anahamisha feni, kisha anasema: "Nimebadilisha asilimia 30, hawanipati." Mwenye hataza naye, yuko Makambako, anaiona mashine ile sokoni na kusema: "Hii ni yangu, kaikopi." Wote wawili hawajapima chochote.

Hakuna sheria ya asilimia 30. Na mashine mbili kufanana kwa macho hakuthibitishi ukiukaji. Kinachopimwa ni maneno ya madai yaliyoandikwa ndani ya hataza, yaani sentensi zinazotaja ni nini hasa kinacholindwa, kipengele kimoja baada ya kingine, dhidi ya mashine inayolalamikiwa. Pale ambapo maneno hayaigusi mashine moja kwa moja, ndipo inapoingia kanuni ya ulinganifu: kipengele kilichobadilishwa kinaweza kuhesabiwa kuwa ni kilekile ikiwa tofauti yake haina uzito.

Kanuni hii imefafanuliwa sana na mahakama za Marekani, kwa hiyo kesi nyingi nitakazotaja ni za huko. Mashine ya mfano nimeibuni kwa ajili ya mazoezi. Si hataza ya mtu yeyote.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Nakala ya hataza iliyotolewa. Ombi lililochapishwa halitoshi, kwa sababu madai ya kwenye ombi mara nyingi ni mapana kuliko yale yaliyokubaliwa mwishoni.
- Faili la maombi: barua kati ya mwombaji na ofisi ya hataza, pamoja na kila marekebisho ya madai. Liombe kupitia wakili au wakala wa hataza.
- Mashine inayolalamikiwa yenyewe. Ikishindikana, picha za karibu za kila sehemu pamoja na vipimo vyake.
- Ushahidi wa mashine zilizokuwepo kabla ya tarehe ya ombi: vipeperushi, hataza za zamani, picha zenye tarehe za maonyesho ya Nanenane kwenye viwanja vya John Mwakangale.
- Fundi au mhandisi anayeijua kazi hiyo na asiye na upande. Fundi mzoefu wa mashine za kilimo anafaa, na mwalimu wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya anafaa pia.
- Karatasi kubwa yenye safu nne: maneno ya dai, kilichopo kwenye mashine, jibu la neno kwa neno, jibu la ulinganifu.

Usianze bila faili la maombi ukidhani utalipata baadaye. Utaona kwenye hatua ya 6 kwamba faili linaweza kugeuza jibu lote.

## Hatua ya 1: Hakikisha hataza iko hai na inaihusu nchi husika

Hataza inafanya kazi katika nchi ilikotolewa au ilikotajwa. Hataza ya Marekani peke yake haimzuii mtu kutengeneza na kuuza mashine Mbeya, ingawa itamgusa akipeleka mashine hiyo Marekani. Kwa Tanzania Bara angalia rejista ya BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, kisha uangalie hataza za ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki ubunifu lenye makao Harare, zilizoitaja Tanzania. Namba zake huanza na herufi AP.

Angalia kama ada za kila mwaka zimelipwa. Hataza ya ARIPO inadumu miaka 20 tangu tarehe ya ombi, lakini ada isipolipwa inakufa mapema.

Umefaulu ukiwa na: namba ya hataza, tarehe ya ombi, hali ya ada na orodha ya nchi. Hataza ikiwa imekufa, weka kalamu chini.

## Hatua ya 2: Livunje dai huru katika vipengele

Tafuta dai huru, yaani lile lisiloanza na maneno kama "mashine ya dai la 1". Mara nyingi ni dai la kwanza. Madai tegemezi yanaongeza masharti juu ya lile huru, kwa hiyo mashine isiyoligusa dai huru haiwezi kuyagusa yanayolitegemea.

Dai letu la mazoezi ni hili:

*Mashine ya kupukuchua mahindi yenye hopa ya kuingizia mahindi. Dramu inayozunguka, yenye meno ya nondo yaliyochomelewa kwa mpangilio wa skurubu. Chekeche lililopinda chini ya dramu, lenye matundu ya mviringo. Na feni iliyofungwa kwenye shafti ya dramu, inayopuliza makapi yatengane na punje.*

Livunje hivi:

A. Hopa ya kuingizia mahindi.
B. Dramu inayozunguka.
C. Meno ya nondo, yaliyochomelewa, kwa mpangilio wa skurubu.
D. Chekeche lililopinda chini ya dramu, lenye matundu ya mviringo.
E. Feni iliyofungwa kwenye shafti ya dramu, inayopuliza makapi.

Nakili maneno yote bila kuruka hata moja. Wengi huandika "feni" na kuacha "iliyofungwa kwenye shafti ya dramu", kana kwamba ni pambo. Maneno hayo ni sharti, na mwenye hataza atabanwa nayo.

Onyo: dai linalosema mashine "yenye" vitu fulani halikatazi vitu vya ziada. Mshindani akiongeza matairi na ndoano ya kuvutia kwa trekta, hajatoka nje ya dai. Vipengele vyote vitano vikiwemo, ukiukaji upo hata akiongeza vingine kumi.

## Hatua ya 3: Jaza safu ya neno kwa neno

Nenda kwenye mashine na karatasi yako. Acha kulinganisha mashine ya mwenye hataza na ya mshindani, hata kama zote mbili zimeegeshwa mbele yako. Mashine inayouzwa na mwenye hataza inaweza kuwa na mambo mengi ambayo hakuyadai, na hayo hayana ulinzi wa hataza hiyo.

Tuseme mashine ya mshindani iko hivi. Hopa ipo. Dramu inazunguka. Badala ya nondo zilizochomelewa, dramu ina vipande vya chuma bapa, kila kimoja kimefungwa kwa bolti mbili, na vimepangwa kwa mzunguko uleule wa skurubu. Chekeche limepinda chini ya dramu, ila matundu yake ni marefu membamba. Feni ina shafti yake yenyewe, inazungushwa na mkanda wa pili unaotoka kwenye pulii ya injini.

A na B: ndiyo. C, D na E: hapana, si neno kwa neno.

Umefaulu ikiwa: kila "hapana" ina sababu iliyoandikwa kwa maneno ya dai lenyewe, na picha yake. "Inafanana" si jibu la kuandika kwenye safu hii.

## Hatua ya 4: Tafuta kipengele kilichokosekana kabisa

Kabla ya kuanza kupima ulinganifu, uliza: je, kuna kipengele ambacho hakipo, wala hakuna chochote kinachokaa mahali pake?

Mwaka 1997, katika kesi ya Warner-Jenkinson dhidi ya Hilton Davis, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliweka wazi kwamba ulinganifu unapimwa kwa kila kipengele, si kwa uvumbuzi kwa ujumla wake. Kipengele kimoja kikikosekana bila kilinganifu, hakuna ukiukaji. Mshindani wetu angeondoa feni kabisa na kumwachia mkulima apepete kwa ungo, dai lile lisingemgusa, hata kama kila nati nyingine ni ileile.

Mwenye hataza aliyeshindwa hapa huwa anasema, "Lakini wazo ni langu." Hataza haimpi mtu umiliki wa wazo. Inampa yale aliyoyadai.

## Hatua ya 5: Kazi, namna, matokeo

Hatua hii ndiyo inayoharibiwa zaidi, kwa hiyo iendee taratibu.

Kwa kila kipengele kilichopata "hapana" lakini kina kitu mahali pake, uliza maswali matatu. Je, kitu hicho kinafanya kazi ileile kwa kiasi kikubwa? Je, kinaifanya kwa namna ileile? Je, kinaleta matokeo yaleyale? Majibu matatu ya "ndiyo" yanaelekeza kwenye ulinganifu. "Hapana" moja yenye uzito inautoa.

### Meno ya dramu

Kosa la kwanza ni kuitaja kazi kwa upana mno. Ukisema kazi ya meno ni "kupukuchua mahindi", kila kitu duniani kinachopukuchua kitakuwa kilinganifu, hata mikono ya mama na gunia la mahindi. Kupukuchua ni kazi ya mashine nzima. Kazi ya jino ni finyu zaidi: kung'oa punje kwenye gunzi na, kwa sababu ya mpangilio wa skurubu, kulisukuma gunzi kuelekea mdomo wa kutokea.

Zima injini, ondoa mkanda, fungua kifuniko, uangalie. Zungusha dramu kwa mkono ukiwa umeweka hindi moja ndani. Angalia ukingo wa bapa: je, una makali yanayokata, au ni butu unaogonga? Angalia mikwaruzo kwenye chekeche: je, gunzi linasuguliwa kati ya jino na chekeche, au linapita tu? Pima nafasi kati ya ncha ya jino na chekeche. Angalia gunzi linapotokea: ni zima, limevunjika, limebaki na punje za kuelekea ncha?

Tuseme bapa ni butu, linagonga, linasugua hindi dhidi ya chekeche na kulisogeza mbele. Kazi ni ileile, namna ileile, matokeo yaleyale. Kipengele C kina kilinganifu.

Mshindani atasema bolti ni bora, kwa sababu jino likilika mkulima analibadilisha mwenyewe bila kumtafuta mchomeleaji. Ni kweli, na ni uboreshaji mzuri ambao hata unaweza kustahili ulinzi wake. Lakini uboreshaji peke yake haumtoi mtu nje ya hataza ya mwenzake. Angeng'oa meno yote na kuweka roli mbili za mpira zinazolibana hindi katikati, hapo matokeo yangebaki yaleyale lakini namna ingekuwa nyingine: kubana badala ya kugonga. Huyo ana hoja ya kweli.

### Swali la fundi mjuzi

Muulize fundi uliyemwandaa: mtu wa kazi hii angejua kwamba bapa la bolti linaweza kukaa mahali pa nondo iliyochomelewa na kazi ikaendelea vilevile? Akijibu ndiyo bila kusita, huo ni ushahidi mzito.

Kesi ya Graver Tank dhidi ya Linde, ya mwaka 1950, ilisimama hapo. Ilihusu flaksi, dawa inayowekwa kwenye chuma wakati wa kuchomelea, jambo ambalo mchomeleaji yeyote analielewa. Dai liligusa silikati za kalsiamu na magnesiamu. Mshindani aliweka manganizi mahali pa magnesiamu. Mahakama iliangalia kama wataalamu wa flaksi walijua kwamba moja inaweza kuchukua nafasi ya nyingine. Walijua, na mshindani akashindwa.

### Makosa mawili zaidi

La kwanza ni la tarehe. Huko Marekani ulinganifu unapimwa kwa ujuzi wa wakati wa ukiukaji, si wa siku hataza ilipoombwa. Kifaa kilichovumbuliwa juzi kinaweza kuwa kilinganifu cha kifaa cha miaka kumi iliyopita.

La pili ni la nia. "Sikuwahi kuiona mashine yake" hakumwokoi mtu kwenye kipimo hiki. Katika Warner-Jenkinson mahakama ilisema nia haina nafasi katika ulinganifu.

Kwa chekeche fuata njia ileile. Matundu marefu yanapitisha punje na kuzuia gunzi kama ya mviringo, isipokuwa vipimo vyako vionyeshe yanachuja kwa namna tofauti.

### Feni

Kazi ni ileile: kupuliza makapi. Matokeo ni yaleyale. Namna ndiyo yenye mgogoro. Feni yenye shafti yake inaweza kuongezewa au kupunguziwa kasi kwa kubadilisha pulii bila kugusa kasi ya dramu. Feni ya kwenye shafti ya dramu haiwezi. Tena dai limesema waziwazi "kwenye shafti ya dramu". Mwenye hataza akishinikiza kwamba "nje ya shafti ya dramu" ni sawa na "kwenye shafti ya dramu", anayafuta maneno yake mwenyewe, na mahakama hazipendi kulifanya sharti la dai liwe halina maana.

Andika "mgogoro" kwenye safu ya nne, uendelee.

Umefaulu ikiwa: kwa kila kipengele una sentensi tatu, ya kazi, ya namna na ya matokeo, zinazotokana na ulichokiona au kukipima mwenyewe.

## Hatua ya 6: Soma faili la maombi mstari kwa mstari

Mwombaji aliyelipunguza dai lake ili apewe hataza hawezi kurudi baadaye kupitia ulinganifu na kudai tena alichokiachia. Mwaka 2002, katika kesi ya Festo, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilisema kila rekebisho lililolifinya dai kwa ajili ya kutimiza masharti ya hataza linaleta dhana kwamba eneo lililoachwa limeachwa. Mwenye hataza anaweza kuipinga dhana hiyo akionyesha kwamba kilinganifu hicho kisingeweza kutabirika wakati ule, au kwamba sababu ya rekebisho haikukihusu ila kwa mbali, au kwamba kulikuwa na sababu nyingine ya kumfanya asitarajiwe kukielezea.

Rudi kwenye feni. Tuseme faili linaonyesha kwamba dai la awali lilisema "feni" tu. Mkaguzi akataja mashine ya zamani yenye feni inayozungushwa na mkanda wake. Mwombaji akajibu kwa kuongeza "iliyofungwa kwenye shafti ya dramu" na kuandika kwamba shafti moja inaokoa mkanda wa pili. Kwa barua hiyo mgogoro umekwisha. Feni ya shafti yake ndiyo hasa aliyoiachia. Kipengele E kimeanguka, na kwa sababu kila kipengele lazima kiwepo, mashine ya mshindani haikiuki dai hili, japokuwa C na D zina vilinganifu.

Namba zinahitaji uangalifu wa pekee. Katika Warner-Jenkinson dai lilitaja pH (kipimo cha uchachu wa kimiminika) ya takriban 6.0 hadi 9.0, na mshindani alifanya kazi kwenye pH 5.0. Kikomo cha juu kiliongezwa kukwepa hataza ya awali iliyotumia pH ya zaidi ya 9. Sababu ya kuweka 6.0 haikuwa wazi, na mahakama ikasema ni jukumu la mwenye hataza kuieleza.

## Hatua ya 7: Angalia kilichoelezwa lakini hakikudaiwa

Soma maelezo marefu ya hataza. Yakitaja njia mbadala ambayo haikuingia kwenye madai, huko Marekani njia hiyo imeachiwa umma. Katika Johnson & Johnston dhidi ya R.E. Service, mwaka 2002, dai lilitaja karatasi ya alumini, maelezo yakasema metali nyingine kama chuma cha pua zinaweza kutumika. Mshindani aliyetumia chuma hakunaswa kwa ulinganifu.

Kwenye mfano wetu, maelezo yangesema "meno yanaweza pia kufungwa kwa bolti" na dai likabaki na "yaliyochomelewa", jibu la C lingegeuka. Wewe unayeandika ombi jipya, dai kila unachokieleza.

## Hatua ya 8: Hakikisha ulinganifu haumezi vya zamani

Andika dai la kufikirika, pana kidogo, linaloifunika mashine ya mshindani neno kwa neno. Kisha uliza: ofisi ingelikubali dai hili mbele ya mashine zilizokuwepo kabla ya tarehe ya ombi? Kama isingelikubali, ulinganifu hauwezi kufika huko. Njia hii ilitumika mwaka 1990 katika kesi ya Wilson Sporting Goods, iliyohusu mipira ya gofu.

Hapa ndipo picha za Nanenane zinapofanya kazi. Picha yenye tarehe ya dramu ya meno ya bolti iliyoonyeshwa hadharani Uyole kabla ya ombi inaweza kuwa na nguvu kuliko hoja ndefu ya wakili.

## Hatua ya 9: Andika jibu kwa nchi inayohusika

Hukumu za Marekani haziifungi mahakama ya Tanzania. Wakili anaweza kuzitaja kama hoja ya kushawishi, pamoja na za Uingereza, ambako tangu kesi ya Actavis dhidi ya Eli Lilly ya mwaka 2017 kipimo kinauliza mambo matatu: kama kibadala kinaleta matokeo yaleyale kwa namna ileile kwa kiasi kikubwa, kama jambo hilo lingekuwa dhahiri kwa mjuzi akiambiwa kwamba matokeo ni yaleyale, na kama msomaji wa hataza angeelewa kwamba mwenye hataza alitaka maneno yafuatwe kikamilifu bila kulegezwa. Kabla ya hapo, katika kesi ya Catnic, lenta ya chuma (boriti ya juu ya mlango au dirisha) iliyodaiwa kuwa na ubao "wima" iliigusa lenta ya mshindani iliyoinama nyuzi 6 au 8 tu. Ujerumani na Japani zina vipimo vyao. Jibu la nchi moja usilihamishie nyingine.

## Ukishamaliza jedwali

Mwenye hataza: jedwali likionyesha "ndiyo" au kilinganifu kwa kila kipengele, na hatua ya 6 hadi ya 8 hazikuvunja kitu, mpelekee wakili jedwali lenyewe, picha na faili. Usiende kutangaza sokoni kwamba fulani ni mwizi; ukishindwa, wewe ndiye utakayekuwa na kesi ya kujibu.

Fundi mshindani: jedwali likikuangukia, acha kutafuta kitu kingine cha kuweka mahali pa kile kilichodaiwa. Chagua kipengele kimoja ambacho mashine yako inaweza kuishi bila hicho, ukiondoe kabisa, au ubadilishe namna yake ya kufanya kazi, kama roli za mpira mahali pa meno. Kubadilisha rangi, umbo la kifuniko na aina ya nati ni kupoteza chuma.

Kisha rudia hatua ya 3 hadi ya 5 kwenye mashine mpya kabla ya kuchomelea ya pili. Weka tarehe na sahihi kwenye karatasi, fundi shahidi asaini pia, na picha za dramu na feni zibandikwe nyuma yake.